Nasoma, Lakini Jioni Tu

Mwalimu alinipigia simu Jumanne nikiwa stendi ya Kencom, mahali ambapo hata malaika Gabrieli akikupigia utamwambia arudie hapo mwisho. Makanga wawili walikuwa wamenishika, kila mmoja mkono wake, honi zinalia, na katikati ya kelele zile swali moja tu lilinifikia likiwa zima: "Unasoma?"

Wakati huo nilikuwa nachukua kozi ya uhasibu, madarasa ya usiku. Nikajua anataka kuhakikisha kama nina nafasi. Nikamjibu kwa adabu: "Ndiyo Mwalimu, nasoma, lakini jioni tu."

Alicheka mpaka akakohoa. "Jioni tu! Haya, bahati nzuri kazi yenyewe ni ya jioni." Akanitajia siku, mahali na pesa: elfu nane. Kwa elfu nane hata angeniuliza kama napaa angani ningemwambia napaa, lakini jioni tu.

Kumbe Mwalimu, kiongozi wa bendi, alikuwa anauliza kama nasoma nota, muziki ulioandikwa karatasini.

Mimi ni mwimbaji wa baa. Nilikuwa nimeimba miaka miwili Kasarani, mimi na jamaa mmoja wa kinanda, Ijumaa na Jumapili, tukilipwa pesa kidogo na supu. Sasa mpiga kinanda wa baa ni kama bodaboda. Ukimwambia simama hapa, anasimama. Ukiruka ubeti, naye anaruka. Ukisahau maneno ukaanza kusalimia meza ya nyuma, yeye anazungukazunguka palepale mpaka urudi. Wimbo ukiwa juu kuliko koo lako, kinanda kina kitufe: anabonyeza mara mbili, wimbo wote unashuka kama lifti. Nilidhani huo ndio muziki duniani kote.

Kazi yenyewe ilikuwa harusi huko Karen. Baba wa bibi harusi alikuwa mzee wa santuri za Count Basie na Duke Ellington, magwiji wa jazi, na alikuwa ameapa kwamba binti yake atacheza dansi ya kwanza mbele ya bendi kubwa kamili, kama zile zilizotawala kumbi za dansi Marekani miaka ya 1930. Binti naye alitaka wimbo wa pop, ule ambao ukipanda matatu ya Rongai utausikia mara mbili kabla hujafika Bomas. Wakapatana: wimbo wa binti, bendi ya baba. Mwimbaji waliyekuwa naye akashikwa na mafindofindo, na mtu fulani, ambaye bado namtafuta, akataja jina langu.

Mazoezi yalikuwa moja tu, Ijumaa jioni, katika ukumbi wa kanisa karibu na Ngong Road. Niliingia nikasimama mlangoni. Nilizoea mapembe, nimekulia rumba, lakini mapembe ya rumba ni watu wawili watatu wanaopokezana. Hapa kulikuwa na viti vya saksafoni 5, tarumbeta 4, tromboni 4, halafu piano, gitaa, besi na ngoma. Watu 17. Wazee wawili wa tromboni walijifunzia Jeshi la Wokovu, na yule wa tarumbeta ya kwanza alikuwa amestaafu bendi ya polisi, na bado alikuwa anakaa kwenye kiti kama anayesubiri rais apite.

Mwalimu akanipa karatasi sita. Nikaziangalia. Ndege wengi sana wametua kwenye nyaya za stima, wengine wameshikana mabawa, wengine wana mikia. Nikatikisa kichwa polepole kama mtu anayesoma barua kutoka kwa wakili.

"Umeelewa?" akaniuliza.

"Ni kazi nzuri," nikasema. Na haukuwa uongo. Ilikuwa imepigwa chapa vizuri.

"Sasa mwanzo tunakuachia baa nane, ndipo unaingia."

Naomba mnielewe. Mtu wa Kasarani akisikia "baa nane" anasikia kazi. Nikauliza kwa furaha: "Baa nane za wapi, Mwalimu?"

Wote waliokuwepo wakaangua kicheko. Mzee mmoja wa tromboni alilazimika kufuta miwani. "Huyu kijana tutamweka," akasema. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu tangu dakika ile kila ujinga nilioutoa ulipokelewa kama utani. Nilipomnong'oneza Mwalimu kwamba wimbo uko juu kidogo, ashushe tu, abonyeze, alinipiga bega akasema mimi ni hatari. Watu 17 hawana kitufe. Kushusha wimbo wao ni kuandika upya karatasi za kila mtu, nota kwa nota, usiku kucha. Hilo nililijua baadaye.

Kisha mvua ikaanza, na mvua ya Nairobi inajulikana: matone matatu, na Thika Road yote inageuka maegesho. Tarumbeta tatu zilikuwa bado huko. Basi Mwalimu akasema tupitie haraka mwanzo wa ubeti na kiitikio, sehemu ya saksafoni tutaifanya kesho palepale, na mwisho "ni ule wa kawaida." Hata zile baa nane za mwanzo hazikupigwa, maana zilikuwa za tarumbeta, na tarumbeta zilikuwa Roysambu. Kila mtu akakubali. Na mimi nikakubali. Nilikuwa nafungua kurasa kila alipofungua mtu wa saksafoni, ila nadhani yeye alikuwa na kurasa mbili na mimi sita.

Usiku nikamuuliza jamaa wa kinanda kwa simu baa nane ni nini. Alikuwa kazini, kuna kelele. Akasema: "Hesabu tu mpaka nane, uingie."

Siku ya siku nilivaa suti ya Toi, kola imebana, na tai ya kipepeo ya kuazima. Mwalimu alikuwa ameruhusu nije na mtu mmoja wa kunisaidia mizigo. Sikuwa na mizigo. Nilimleta Mama. Alikaa karibu na hema la chakula, mkoba magotini, akawa anamweleza kila mhudumu kwamba yule pale mwenye tai ni wake.

Sasa sikilizeni mpango ulivyokuwa, maana mimi sikuambiwa. Maharusi walikuwa wamefundishwa kucheza kwa miezi miwili. Bwana harusi alikuwa amefunzwa kwamba neno la kwanza la kiitikio likitoka tu, anamshika mkewe kiunoni na kumwinua juu. Hilo lilikuwa ndilo tukio la siku. Wapiga picha watatu walikuwa wamepiga magoti tayari.

Mwalimu akahesabu, tarumbeta nne zikalipuka nyuma ya masikio yangu, na mimi nikaanza kuhesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nilipofika nane nikaingia kwa kifua chote.

Wanaojua muziki tayari wameshika vichwa. Kwa wenzangu: baa moja ilikuwa na mapigo manne. Baa nane ni mapigo 32. Mimi nilihesabu mapigo manane. Kwa hiyo nilikuwa mbele ya bendi kwa mapigo 24, na nilikuwa naenda vizuri kabisa, kwa hisia, macho nimefumba. Niliwasubiri wanifuate. Nikasubiri ubeti mzima. Lakini bendi ya watu 17 si bodaboda, ni ile treni ya Mombasa: saa yake ikifika inang'oa, uwe ndani, uwe bado Syokimau unatafuta kitambulisho.

Nikafika kwenye kiitikio peke yangu. Nikatoa lile neno la kwanza.

Bwana harusi akainua.

Wageni wakapiga makofi, kamera zikawaka. Mimi nikafumbua macho, nikamwona Mwalimu anapitisha kiganja shingoni mwake kama mtu anayechinja kuku. Nikanyamaza katikati ya neno la pili. Bendi ikaendelea na ubeti kwa utulivu, kama watu wanaokula. Na bwana harusi akabaki pale uwanjani, mke wake hewani, hajui kama amshushe au amngoje. Kwa mwendo ule wa wimbo, mapigo 24 ni kama sekunde 18. Kuandika 18 ni rahisi. Kumshika mtu hewani mwenye gauni la tabaka nne ni jambo lingine. Shingo ya yule kijana iliota mishipa. Bibi harusi alikuwa anatabasamu kwa kamera huku midomo ikisema kitu ambacho nashukuru maikrofoni haikukisikia. Kilipofika kiitikio chenyewe nikaingia, na ndipo kijana alipomshusha. Wageni wakadhani ndivyo ilivyopangwa, kwamba mapenzi yanaanza juu kisha yanashuka.

Nikajiambia, basi, sasa nimepanda treni. Nikaimba kiitikio salama. Nikavuta pumzi niingie ubeti wa pili.

Mtu wa saksafoni ya kwanza, ile ya alto, akasimama wima kando yangu.

Leo najua kwamba mpiga saksafoni husimama akipewa nafasi ya kupiga peke yake. Ndiyo ile "sehemu ya saksafoni tutaifanya kesho." Lakini pale nilichoona mimi ni mtu mzima, wa umri wa baba yangu, anainuka ananitazama. Malezi yakanishika. Mtu mzima akikusimamia unafanya nini? Nikampa mkono.

Alikuwa ameshika saksafoni kwa mikono miwili, mdomo tayari umeshauma, mashavu yamejaa. Akauangalia mkono wangu. Akaniangalia mimi. Mkono wangu haukurudi, maana ningeurudishaje, watu wanaona. Basi yule mzee, Mungu ambariki, akanipa kiwiko, kama enzi za korona. Na kwa kuinua kiwiko, nota yake ya kwanza, iliyotakiwa iingie laini kama maziwa, ikatoka kama mbuzi aliyekanyagwa Kiamaiko.

Alipiga baa kumi na sita. Sasa najua kuzihesabu, ni karibu sekunde 50. Nilizitumia zote kutafuta mahali pa kuweka mikono yangu. Nilipiga makofi, lakini nikapiga kwenye pigo la kwanza na la tatu, kama kwaya ya kwetu, wakati bendi nzima inaegemea la pili na la nne. Mpiga ngoma akanipa jicho ambalo mara ya mwisho nililiona kwa kondakta nilipompa noti ya elfu asubuhi.

Kuhusu kiitikio cha mwisho sitasema mengi. Kilipanda kii, ngazi ya sauti, bila kunipa taarifa. Koo likabaki chini, wimbo ukaenda. Nilitoa sauti fulani, na jogoo wa jirani wa pale Karen, nyuma ya ua, akaijibu.

Hatimaye bendi ikapiga nota moja kubwa na kunyamaza kabisa. Kimya. Nikajua tumefika. Nikainama, nikasema kwenye maikrofoni: "Asanteni sana, na Mungu awa..."

PAAA!

Kumbe ule "mwisho wa kawaida" ni huo: wananyamaza kidogo, halafu wanapiga tena wote 17 kwa nguvu zao zote. Nilirudi nyuma hatua tatu bila kutumwa na mtu, nikakaa juu ya vinara vya kushikilia karatasi za saksafoni. Vyote vitano vikalala. Karatasi zikatawanyika kwenye nyasi, na zile zilikuwa nyimbo za jioni nzima. Tukaziokota kwa haraka, mimi na wao, kila mtu akapewa za kwake. Mimi ndiye niliyegawa.

Kilichofuata kilikuwa keki. Vijana wanne walikuwa wameshaibeba, na bendi ikaanza wimbo wa kuiingiza. Sasa, vyombo hivi vina mambo. Mpe tarumbeta au saksafoni ya tenor nota ya C kwenye karatasi, itakutolea B flat. Mpe alto C hiyohiyo, itakupa E flat. Ndiyo maana kila mmoja huandikiwa karatasi yake, ili wote watoke mahali pamoja. Alto wawili walikuwa wanasoma za tenor, tenor mmoja anasoma za alto, na yule wa baritoni alikuwa anasoma wimbo mwingine kabisa. Ilisikika kama mzunguko wa Globe saa kumi na mbili jioni. Wabeba keki walisimama katikati ya njia. Mmoja akageuka kuangalia kama kuna jambo limetokea nyuma. Baba wa bibi harusi, mzee wa Count Basie, alikuwa amefumba macho, sijui kwa uchungu au kwa sala.

Pesa zilikuja kwa M-Pesa Jumatatu. Elfu sita. Kinara kimoja kilikuwa kimevunjika mguu.

Usiku ule wa harusi nilirudi na Mama kwenye matatu ya mwisho, tai mfukoni, simwangalii mtu. Alikuwa na chapati mbili kwenye karatasi ya shashi, moja akanipa. Hatukuzungumza mpaka karibu na Dagoretti Corner.

"Yule mzee mwenye bomba la dhahabu," akaniuliza, "yule uliyekatiza wimbo ukamsalimia. Ni wa kwetu?"

Nikatafuna kwanza.

"Ndiyo, Mama."

"Nilijua," akasema. "Umefanya vizuri."