Kuhesabu Mabusu au Kupima Kisa: Filamu za Mapenzi na Njozi Sebuleni Tanga

Mzazi wa Ngamiani anayeuliza kama filamu fulani inafaa kuwekwa sebuleni baada ya Isha, bibi yupo, mkwe yupo, na mkekani wamekaa watoto wa miaka 6 hadi 16, hujibiwa kwa njia mbili. Wako wanaomhesabia: mabusu mangapi, nani kavua nguo, damu imemwagika mara ngapi, uchawi umo au haumo. Na wako wanaompimia kisa: nani anashinda, anashinda kwa njia gani, na mtoto anaondoka ameamini nini kuhusu mapenzi. Wa kwanza huwaona wa pili ni walegevu. Wa pili huwaona wa kwanza wanashika ganda na kuacha kiini.

Anayehesabu ana hoja ambayo wapinzani wake huipuuza. Picha huingia machoni kabla fundisho halijafika. Mtoto wa miaka 6 hangoji mwisho ajue kwamba lile zimwi lilikuwa na moyo mwema. Ameyaona meno yake dakika ya 10, na usiku hataki kwenda chooni peke yake. Tena sebule zetu si za wazazi na watoto tu. Mkwe akiwa amekaa na mama mkwe wake, busu la sekunde 10 linawatia haya ambayo ujumbe mzuri wa filamu hauiondoi.

Mtu atasema Tanga haijawahi kuona haya kuimba mapenzi. Ni kweli. Nyimbo za taarabu za vikundi vya Black Star na Lucky Star zilipigwa maharusini watoto wakiwa miguuni pa mama zao, na hakuna aliyewafukuza, kwa kuwa fumbo lilimgawia kila mtu kwa kadiri ya umri wake. Mtoto alisikia ua, mkubwa akasikia mengine. Kamera haigawi hivyo. Sinema za zamani za Kihindi zilijitahidi, wapenzi wakikaribiana picha ikahamia kwenye maua mawili yanayogusana, lakini filamu nyingi za sasa zimeacha ustaarabu huo. Pasipo fumbo, kuhesabu ni kinga halali.

Ila kuhesabu kuna kanuni zake, na wengi hukosea hapa. Kosa la kwanza ni kukagua nakala isiyo ile itakayoangaliwa. Filamu moja hufika Tanga kwa sura tatu au nne: ya kwenye kisimbuzi iliyokatwa, ya kwenye flashi iliyo kamili, na ile iliyotafsiriwa na msimuliaji anayezungumza juu ya sauti za waigizaji. Huyo msimuliaji huongeza maneno yake. Mazungumzo ya adabu ya mchumba na mchumba yanaweza kugeuzwa mzaha wa kibanda umiza, na mapitio yaliyoandikwa kwa nakala ya Kiingereza hayatakuonya. Kosa la pili ni kuruka nyimbo ili kumaliza ukaguzi haraka. Katika picha la Kihindi lisilo na busu hata moja, wimbo wa mvua, na sari iliyolowa mwilini, ndio penyewe. Aliyeruka nyimbo hajakagua kitu.

Kosa la tatu ni kutaja dakika peke yake. Matangazo ya televisheni husogeza saa, kwa hiyo dakika ya 47 kwenye flashi inaweza kuwa ya 65 kwenye kisimbuzi. Andika pia kinachotangulia: "mara baada ya gari kuharibika njiani". Na anayetegemea kusogeza mbele kwa rimoti ajue mwanzo na mwisho wa kipande chote, kwani akiruka kwa kubahatisha hutua katikati yake, na watoto wakishaona mkono wa baba umeharakia rimoti watakitafuta kesho akiwa kazini. Heri kuisimamisha filamu mapema kwa ajili ya chai na kuiendeleza baadaye.

Sasa mapungufu ya kuhesabu. Kuch Kuch Hota Hai, ya 1998, ni picha la karibu saa tatu lililopendwa na familia nyingi za pwani, na kwa hesabu halina doa. Mama amefariki baada ya kujifungua, ameacha barua nane kwa bintiye, na binti akifikia miaka 8 anajifunza kwamba baba yake alikuwa na rafiki wa chuoni aliyempenda kimyakimya. Kuna bibi mcheshi, kuna heshima kwa marehemu, kuna machozi ya halali. Lakini mtazame huyo rafiki, Anjali. Alipokuwa na nywele fupi, akicheza mpira wa kikapu na kumshinda Rahul, ndiye huyo baba, alikuwa rafiki tu. Miaka imepita, anarudi amevaa sari, nywele ndefu, ndipo Rahul anamwona mwanamke. Tena wakati huo ana mchumba, na mchumba huyo ndiye anayejitoa siku ya harusi. Binti wa miaka 12 wa Makorora anayependa mpira atalisikia hilo fundisho vizuri sana, na hakuna hesabu ya mabusu itakayolikamata. Sisemi kwamba filamu ifungiwe. Maana yake ni kwamba baada ya kuizima mtu amuulize: angebaki na nywele fupi, angestahili kupendwa?

Twilight ni mfano mkali zaidi, kwa kuwa ni mapenzi na njozi kwa pamoja. Riwaya ilitoka 2005, filamu ikafuata 2008, na Marekani ikapewa daraja la PG-13, yaani wazazi waonywe sana kuhusu watoto wasiofika miaka 13. Mwenye kuhesabu atakuta kidogo cha kuandika, maana mvulana anajizuia hadi mwisho. Mwenye kupima atakuta mengi. Edward, mvulana huyo, ni mnyonya damu asiyezeeka: ana sura ya miaka 17, lakini alizaliwa 1901. Anaingia usiku chumbani kwa Bella, msichana anayempenda, bila yeye kujua ili amtazame akilala, na kisa kinaliita jambo hilo mahaba. Kumfuata mtu, kumchunga, kumwambia "mimi ni hatari kwako" kisha kutoondoka: mtaani huyo ni mtu wa kuripotiwa kwa mjumbe. Kijana wa miaka 14 anaweza kuisoma na kuijadili vyema, na wengi wameipenda kwa sababu inachukua hisia zao kwa uzito. Mtoto wa miaka 11 akiisoma peke yake huenda akaamini kwamba wivu ndicho kipimo cha upendo.

Kinyume chake ni Frozen ya 2013. Anayekataa kila chenye miujiza ataikataa, kwani binti mfalme anagandisha vitu kwa mikono. Lakini ndani yake Anna anakubali kuolewa na Hans siku ileile waliyokutana, dada yake anakataa kutoa ridhaa, na Hans anageuka msaliti. Upendo unaookoa mwishoni ni wa dada kwa dada. Kungwi gani angeikataa hadithi hiyo?

Hapo ndipo suala la uchawi linapotaka uangalifu, na ndipo mapitio ya kutoka ng'ambo yanapotufaa kidogo kabisa. Mwandishi wa Marekani huandika akiona joka, pepo na mchawi vyote ni vya kubuni kwa daraja moja. Kwetu haviko daraja moja. Joka la mbawa ni la hadithini. Jini yumo katika imani ya nyumba nyingi za Tanga. Katika mapango ya Amboni wako watu waendao kuomba na kuacha sadaka. Mtoto wetu akitazama joka likitema moto anajua ni mchezo. Akitazama filamu ya hapahapa nyumbani, ambamo mchawi ni kikongwe wa jirani mwenye macho mekundu, na mganga anamtambua kwa kumtazama tu, hajui kwamba ni mchezo, kwa sababu jirani wa namna hiyo anaye.

Nchi hii imepoteza vikongwe wengi waliouawa kwa tuhuma za uchawi, hasa mikoa ya Kanda ya Ziwa, na macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kuni wa miaka mingi yalihesabiwa kuwa ushahidi. Watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa sababu kuna walioamini kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Filamu ambamo mtu maskini anakwenda kwa mganga na kurudi tajiri ina hatari kuliko majoka 20, ijapokuwa haina busu wala tone la damu. Bodi ya Filamu Tanzania hukagua na kupanga madaraja chini ya Sheria Namba 4 ya 1976, lakini daraja ni namba ya umri. Halikwambii kwamba adui wa kisa amechorwa kwa uzee wake, kovu lake au rangi ya ngozi yake. Hilo ni la mwandishi wa mapitio. Aulize nguvu ya ajabu imetoka wapi, imemgharimu nini aliyeitumia, na mchawi anatambulikana kwa matendo yake au kwa mwili wake. Akiwa anatambulikana kwa mwili, iandikwe wazi.

Wanaosema njozi si mila yetu wamkumbuke Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, hapahapa Tanga. Adili na Nduguze, kilichotoka 1952, kina jini, mji ambao watu wake wamegeuka mawe, na ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa manyani. Kina mapenzi pia, ya Adili na Mwelekevu. Kwa hesabu kingeanguka: Adili anawachapa manyani wale kila usiku, kwa amri. Lakini soma anavyowachapa akilia, kisha anawalisha kwa mkono wake, na utaona mwandishi amefanya jambo ambalo filamu nyingi za njozi haziwezi: adhabu inamuumiza anayeitoa. Kwa mtoto wa miaka 7 viboko hivyo ni vizito, na inafaa msomaji mkubwa avifupishe. Kwa wa miaka 11 kisa hiki ni cha kusomwa kwa sauti, sura moja kwa usiku.

Hata hivyo upande wa kupima kisa nao una udhaifu, nao ni wa kutegemea mwisho. "Adui ameadhibiwa, basi kisa ni chema." Fikiria tamthilia za Kituruki zinazotafsiriwa kwa Kiswahili. Kwao sehemu moja hufika urefu wa saa mbili. Ikiuzwa nje hukatwa vipande vifupi, na kisa kikasambaa miezi mingi. Katika miezi hiyo mke mwenye hila anavaa vizuri, anaamuru watumishi, anashinda kila wiki. Adhabu inakuja sehemu ya mwisho, pengine siku ambayo umeme umekatika. Mtoto ameishi na ushindi wa hila usiku 90 na kuona malipo yake usiku mmoja. Kwa hiyo anayepima apime kwa muda. Ubaya umekaa skrini kwa muda gani kabla haujagharimu kitu?

Riwaya zina tabia nyingine. Husomwa faraghani, hakuna wa kuona uso wa msomaji, na hilo huwatisha wazazi. Lakini maandishi yana huruma ambayo picha haina: mtoto hujenga akilini kwa matofali aliyonayo tu, na asilolijua humpita. Kukagua riwaya ya kurasa 200 kunataka saa moja hivi. Soma sura ya kwanza, ya mwisho, kisha utafute pale wapenzi wanapopatana baada ya ugomvi mkubwa. Kurasa zinazofuata ndizo zinazohitaji jicho.

Simulizi za simu hazikaguliki hivyo. Zinatoka sehemu kwa sehemu, za mwanzo bure, zinazofuata kwa malipo, na mara nyingi mwandishi bado hajaandika mwisho. Wasomaji wakipungua, anaongeza moto. Sehemu 10 safi si dhamana ya ya 11, na hakuna mapitio ya haki ya kisa ambacho hakijakwisha. Ushauri ulio salama ni kungoja ikamilike.

Kwa jumla ya hoja hizi, uzito uko hivi: mpaka miaka 9 hivi, hesabu itangulie, kwani mtoto bado anaishi katika picha. Kuanzia 10 kupima kitangulie na hesabu ibaki kwa ajili ya adabu ya sebule. Filamu za uchawi wa jirani zipimwe kwa umri wote, hata kwa watu wazima.

Na mapitio yaandikwe mafupi. Jina, nakala ipi na lugha ipi, urefu, vipande vya kuangalia pamoja na kinachotangulia kila kimoja, kisha sentensi moja ya nani anashinda na kwa njia gani. Mapitio ya kurasa tatu huwafikia wazazi, lakini saa kumi jioni, watoto wametoka shule na mama hajarudi kutoka sokoni, rimoti anayo bibi au dada wa kazi. Kama maneno hayo hayawezi kusemwa mlangoni huku mama akivaa viatu, hayatamfikia aliyeshika rimoti.