Rangi na kifuniko cha shimo havitoshi kutaja spishi mpya

Habari moja inasema buibui mmoja wa Brazili, wa jenasi ya Actinopus (buibui wanaoishi kwenye mashimo yenye vifuniko), alijulikana kuwa spishi mpya kwa rangi yake na kifuniko cha shimo lake. Hapo sikubaliani. Rangi hufifia ndani ya spiriti ya kuhifadhia sampuli, na vifuniko hufanana mno. Kinachoamua hasa ni balbu ya palpi (kiungo kifupi kama mguu kilicho karibu na mdomo) ya dume mpevu, yaani sehemu ya kupitishia mbegu za kiume: umbo la ncha yake na matuta membamba yaliyo juu yake, yakichorwa kutoka zaidi ya upande mmoja chini ya hadubini. Kwa jike hukatwa kipande cha ngozi chini ya tumbo, kikasafishwa kwa kimeng'enya au hidroksidi ya potasiamu mpaka vifuko vya kuhifadhia mbegu vionekane. Kikizidi kukaa humo, vifuko vyenyewe huharibika. Kazi ngumu kuliko zote ni kuoanisha jinsia. Dume mpevu hutoka kutafuta jike na kunaswa kwenye vikombe vilivyofukiwa ardhini, ilhali jike hubaki shimoni na lazima achimbwe. Ndiyo maana spishi nyingi za jenasi hii zinajulikana kwa dume tu, na ni rahisi dume na jike wa aina moja kupewa majina mawili. Mguu mmoja uwekwe kwenye ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, kwa ajili ya DNA. Tena jina jipya halikubaliki bila kutaja holotaipu, yaani sampuli moja rasmi inayobeba jina hilo (au sintaipu, zikiwa kadhaa), na mkusanyo inakohifadhiwa. Je, aliyesoma maelezo yenyewe ya kisayansi ya spishi hiyo ameona mchoro wa balbu, au picha ya mnyama mzima tu?