Mhandisi wa umeme asiachiwe Python peke yake

Kila mtaala wa uhandisi wa umeme unapopitiwa upya, somo la programu ndilo la mwanzo kunyooshewa kidole. Wengine husema mtu wa umeme hana haja ya kuandika programu. Hao sitawapotezea muda: rilei za kulinda nyaya, inverta za sola, mita za Tukuza (za malipo ya kabla) majumbani mwetu hapa Zanzibar, vyote vinaendeshwa na programu.

Wanaonitia wasiwasi ni wanaosema ifundishwe lugha ya programu ya Python tu, ile ya C iondolewe. Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, ni nyepesi kujifunza, na kwa kuchambua takwimu za matumizi ya umeme naipenda mno. Ianze hiyo mwaka wa kwanza, sina ugomvi. Ila isiwe ndiyo mwisho.

Itazame mita. Nyingi zimeandikwa usoni 1000 imp/kWh, maana yake kile kitaa chekundu kikimweka mara 1,000, yuniti moja imekwenda. Mwanafunzi akitaka kuihesabu mimweko hiyo kwa bodi ya Arduino Uno R3, kompyuta ndogo ya kujifunzia, ataandika kwa lugha ya jamii ya C, na kwa kawaida ataiweka hesabu kwenye int, yaani nafasi ya namba nzima. Kwenye bodi ile int ni ya biti 16 (tarakimu 16 za 0 na 1), na kikomo chake ni 32,767. Mmweko unaofuata, hesabu inageuka kuwa hasi 32,768. Nyumba yenye friji na feni haichukui siku nyingi kumaliza yuniti 32 na ushei, na hapo kifaa kinaonyesha matumizi hasi. Dawa yake ni kutenga biti 32, lakini ataijuaje asiyewahi kufundishwa kwamba namba ina ukubwa? Python ya kwenye kompyuta inaiacha namba ikue itakavyo, kwa hiyo kosa hili atakutana nalo kifaa kikiwa kimeshafungwa ukutani kwa mtu. Na chipu ya bodi hiyo ina kilobaiti 2 tu za RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi. Python kamili haiingii humo.

MicroPython, yaani Python iliyopunguzwa kwa ajili ya vifaa vidogo, ipo, naam, na kwenye bodi yenye kumbukumbu kubwa zaidi inafaa. Haimwondolei mhandisi wajibu wa kujua kumbukumbu inavyotumika.

Sisi wa visiwani jambo hili linatuhusu zaidi. Umeme wetu unapita chini ya bahari. Njia hiyo ilipokatika, Unguja ilikaa gizani takriban miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009, watu wakihangaika na maji na jenereta. Waya wa megawati 100 ulikuja mwaka 2013. Pemba nayo inategemea waya wake kutoka Tanga. Vifaa vinavyozilinda nyaya hizo vikisumbua, nataka awepo kijana wa hapa hapa anayeweza kuifungua programu ya vifaa hivyo na kuisoma, tusikae tukimsubiri mtaalamu apande ndege.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaopanga mitaala: semista moja ya Python, nyingine ya C, tena maabara. Na mtihani wa C usiwe wa kuandika kodi kwenye karatasi. Mwanafunzi apewe bodi, mita na muda wa saa tatu.