Tairi Langu na Wasamaria Wema wa Mtongani

Dar es Salaam unaweza kutembea na zipu wazi kutoka Mwenge mpaka Posta, watu wakaishia kuangalia pembeni. Lakini thubutu kupita na tairi lililopungua upepo! Bodaboda watakupigia honi, konda wa daladala atatoa nusu ya mwili dirishani, na bibi anayeuza mihogo ng'ambo ya barabara atapaza sauti: "Baba! Baba weee! Tairi!"

Sasa mimi tairi langu nalipunguza upepo kwa makusudi. Nina pikipiki ya trayali, mchezo wa kupanda mawe na magogo bila kuteremsha mguu. Ukigusa chini mara moja unaandikiwa pointi 1 ya kosa, ukishindwa kabisa 5. Ni Montesa, niliinunua mkononi kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Haina kiti, kwa sababu mchezo wenyewe ni wa kusimama. Mke wangu siku ya kwanza aliizunguka mara mbili, akauliza kiti chake kinaletwa lini.

Tairi la mbele lina tyubu kama pikipiki nyingi. La nyuma ni tyublesi, na hujazwa upepo wa paundi 4 au 5 basi. Bodaboda hujaza 30 na ushee. Ule ulegevu ndio siri yake: tairi linajilaza juu ya jiwe, linalikumbatia, linashika. Lingekuwa na tyubu, kwa upepo mdogo hivyo rimu ingeibana kwenye jiwe na kuitoboa kabla ya saa nne asubuhi.

Basi Jumamosi moja nikatoka Mbezi Beach kwenda kwenye machimbo ya kokoto ya Kunduchi, nimesimama njia nzima kama konda. Niliambiwa "tairi!" mara kumi na moja. Nilihesabu. Pale Mtongani njaa ikaniuma, nikaegesha kando ya fundi pancha, nikaingia kibandani kwa mama lishe kunywa supu.

Kosa langu ni hilo, kuegesha kando ya fundi pancha. Ni sawa na kuegesha mbuzi kando ya fisi, ila huyu alikuwa fisi mwenye roho nzuri. Alibonyeza tairi, akatikisa kichwa. Akachukua geji. Geji yake inaanzia 10, kwa hiyo mshale haukusogea hata unywele. Kijana wa watu akaona huruma, akawasha kompresa, akanijazia 40. Hakunidai hata shilingi. Hata kuniambia hakuniambia. Sadaka ya kweli haitangazwi.

Nikafika machimboni. Kuna jiwe pale, kubwa kama friji lililolazwa, tumezoeana. Nikalijia kwa mwendo ule ule wa siku zote, nikavuta mafuta, nikajiandaa tairi likumbatie. Halikukumbatia kitu. Liliruka kama mpira wa kitenesi. Pikipiki ikaenda kushoto, mimi nikaenda kulia, na kulia kuna dimbwi. Watoto waliokuwa wanachota maji walinipigia makofi, wakaomba nirudie.

Nilipogonga tairi likalia kama ngoma, nikaelewa. Hasira zikanipanda. Nikachukua kijiti nikabonyeza valvu, fsssss, na kwa hasira nikasahau kuacha. Upepo wote ukaisha. Kisha nikafanya ujinga wa pili, nikaisukuma pikipiki juu ya mawe hivyo hivyo. Puk! Mdomo wa tairi ukaachia rimu.

Nilirudi Mtongani nasukuma chuma cha kilo 70 na kitu, viatu vinatoa maji kila hatua. Fundi aliponiona akashika kiuno. "Si nilikujazia mzee wangu? Nikajua tu, hii ina pancha!"

Akalivua tairi lote kabla sijamaliza kufungua mdomo. Akaingiza mkono ndani, akauzungusha, akautoa mtupu. Akainuka taratibu.

"Mzee, umeibiwa tyubu."

"Halina tyubu hilo. Ni tyublesi."

"Tyublesi hii yenye spoku? Na mbele mbona ina tyubu?" Akawageukia bodaboda waliokwisha jaa. "Wamechukua ya nyuma, wakaacha ya mbele. Na kiti wamechukua!"

Nikaanza kuwaeleza kwamba rimu ile spoku zake zimeshikwa kwenye ukuta wa katikati, hazitoboi mpaka ndani, ndiyo maana haivuji. Walinisikiliza kwa upole, kama watu wanavyomsikiliza mfiwa.

Kurudisha midomo ya tairi lile kazi yake ni pevu. Kompresa inapuliza, upepo unatokea pembeni. Inabidi ulifunge tairi katikati, ulikaze mpaka midomo itanuke iguse rimu, upake povu la sabuni, utoe kile kijipini cha ndani ya valvu ili upepo uingie kwa fujo. Sabuni mama lishe alikuwa nayo. Mkanda hatukuwa nao. Kamba ya katani ilikatika. Ndipo mama lishe akavua khanga aliyojifunga juu ya gauni, akasema, "Shika baba, nimechoka kukuonea huruma."

Tukaizungusha, tukaipotoa kwa spana, kompresa ikanguruma. Pwaa! Upande mmoja. PWAA! Wa pili. Bodaboda walitawanyika, mteja mmoja akamwagikiwa supu, na khanga ikachanika katikati pwata. Fundi akarudisha kijipini, akapima. "Arobaini, mzee! Imesimama!"

Nikainama nikautoa upepo mpaka 5. Sura ya yule kijana sitaisahau. Alinitazama kama nachoma noti.

Nikamlipa, nikaenda duka la jirani kununua khanga. Haziuzwi nusu, nikachukua doti. Maandishi sikusoma, nani husoma akiwa ameloa? Mama lishe akakata doti, akachukua kipande kimoja. "Kilichochanika ni kimoja baba. Nikichukua viwili nitakuwa mwizi." Nilimsihi, akakataa katakata.

Pikipiki isiyo na kiti haina pa kuficha kitu. Nikaifunga khanga shingoni, nikaenda nyumbani.

Mke wangu aliifungua sebuleni, akaisoma kwa sauti, neno moja moja: "Japo sipati tamaa sikati." Akaigeuza, akatafuta pindo la pili. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini sana:

"Na kipande kingine kiko kwa nani?"