Edith Cowan: miaka mitatu bungeni na kigari cha mtoto

Machi 1921, Edith Cowan, mama wa watoto watano mwenye umri wa miaka 59, alimbwaga T. P. Draper kwenye kiti cha West Perth, akawa mwanamke wa kwanza kuingia bunge lolote la Australia. Draper hakuwa mtu mdogo. Alikuwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Australia Magharibi, na ndiye aliyepeleka bungeni muswada wa 1920 ulioruhusu wanawake kugombea. Mchimba kisima kaingia mwenyewe!

Ila mama huyu alikaa kipindi kimoja tu. Mwaka 1924 wapiga kura walimtoa. 1927 akajaribu tena, akaanguka. Ukipima siasa kwa miaka ya kukalia kiti, May Holman wa chama cha Labor anamzidi mbali: aliingia 1925 kujaza nafasi ya marehemu baba yake, akadumu hadi alipofariki 1939. Holman alikuwa na chama nyuma yake. Cowan aliingia kwa tiketi ya chama cha Nationalist lakini hakukubali kuburutwa. Alipoona wenzake wanakosea, alisema. Nampenda kwa hilo, ingawa mbunge asiye na kundi hukosa wa kumsimamia mambo yakichacha.

Tazama basi alichofanya ndani ya muda huo mfupi. Katika hotuba yake ya kwanza alilalamikia kigari cha mtoto: mama akipanda nacho treni, alitozwa shilingi. Wapo watakaosema hayo ni mambo ya jikoni. Lakini baba aliyekwenda kazini mikono mitupu hakuitoa shilingi ile, na bunge la wanaume watupu lisingeiona. Mwaka 1922 akapigania mama awe sawa na baba katika kurithi mali ya mtoto aliyekufa bila wosia. Mwaka uliofuata muswada wake binafsi ukawa sheria iliyowafungulia wanawake uanasheria na taaluma nyingine. Mbunge wa viti vya nyuma, asiye waziri, kupitisha muswada wake mwenyewe si mchezo.

Doa lipo, na si la kwake peke yake. "Wanawake" waliozungumziwa bungeni humo walikuwa Wazungu. Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, wengi wao katika jimbo hilo walisubiri kura hadi 1962. Leo sura ya Cowan iko kwenye noti ya dola 50. Ukiigeuza, unakutana na David Unaipon, mwandishi na mvumbuzi Mwaborijini.