Inaingia Gari Yoyote

Ndugu zangu, mimi ni mtu mpole. Mafuta yakipanda bei nanyamaza. Foleni ya Mwenge nanyamaza. Luku ikianza kulia saa nane usiku nanyamaza, tena gizani. Lakini aliyebuni keria ya kufunga baiskeli nyuma ya gari, huyo nina maneno naye.

Nyumbani limepitishwa azimio, kikao sikuitwa, kwamba tunakwenda kuendesha baiskeli Bagamoyo. Mtaani kwetu bodaboda hawaachi nafasi hata ya kuku kuvuka. Ni kilomita 70 hivi, na gari letu ni IST. Usicheke, na wewe unayo.

Keria za juu ya paa nilizifuta mapema. IST ina kimo cha mita 1.5. Ukiisimamishia baiskeli juu umeshavuka mita 2.5, na geti la mwenye nyumba wetu lina boriti ya zege. Zile za kuchomeka kwenye ndoano ya kuvutia tela ni nzuri sana, ila ndoano sina, tela sina, wala hakuna mtu aliyewahi kuniazima tela. Wenye nazo wananunua Thule, kampuni ya Uswidi iliyoanza mwaka 1942 kwa kuuza mtego wa samaki. Nilipofika Kariakoo nikajua samaki ni nani.

"Hii inaingia gari yoyote, bosi," kijana akaniambia. Boksi lina picha ya familia ya Kizungu, meno yote nje, milima ya theluji nyuma yao, na gari refu ambalo mgongo wake umenyooka. Maelezo ni ya Kijerumani. Nikamuuliza kwa staha, kijana wangu, gari langu lina spoila ya plastiki, hizi ndoano za juu zitashika wapi?

"Hapohapo kwenye spoila, mzee wangu. Kazi yake ndiyo hiyo."

Akaanza kuifunga palepale barabarani. Mikanda sita: miwili juu, miwili pembeni, miwili chini. Kariakoo ukigusa buti tu, umeshapata kamati ya ufundi. Muuza maji akashika upande mmoja. Jamaa aliyebeba magodoro kichwani hakuyatua, alisimama nayo akitoa amri: "Kaza kushoto! Kushoto kwako, siyo kwangu!" Dada wa maegesho naye akasogea. Huyo hakuwa na ushauri, alikuwa na mashine ya risiti.

Spoila ikasema krak.

"Hiyo nini?"

"Sauti ya kukaa, bosi. Ndiyo imekaa."

"Na mikanda hii miwili iliyobaki?"

"Ya akiba."

"Namba ya gari itazibwa. Trafiki akiiuliza?"

"Unamtajia."

"Taa za breki je?"

"Unaenda mchana, unarudi mchana."

"Haya. Yangu ni Foneksi, nzito. Ya mtoto ndogo. Ya mama watoto ni ya Japani, ya kikapu, haina chuma cha juu. Itaning'inia kwa wapi?"

Akafikiri. Kamati nzima ikafikiri. Mwenye magodoro akasema, "Mama abaki."

Nikajituliza kama mtu mzima mwenye familia na bima. Nikauliza swali la mwisho: buti likishafungwa hivi halifunguki, sasa sufuria la pilau tukifika nalitoaje?

Kijana akaniangalia kwa huruma. "Mzee wangu, unanunua keria ya baiskeli au ya pilau?"

Hapo nikapandisha sauti, sikatai. Jamani! Inaingia gari yoyote! Chaja inaingia simu yoyote, regyuleta inaingia mtungi wowote, kioo kinaingia simu yoyote, na mimi nyumbani nina droo nzima ya vitu vinavyoingia popote ambavyo havijawahi kuingia kokote! Nani huyo mwenye hilo gari lolote? Aje basi achukue vitu vyake! Dada wa maegesho akanipa risiti.

Fundi wa Gerezani alitaka kuichomelea moja kwa moja kwenye bampa. Nikamwambia bampa ni plastiki, akasema tujaribu. Jirani kashauri nikodi kirikuu. Bodaboda wa kijiweni anataka elfu thelathini azibebe zote tatu, na simwamini, ingawa juzi nimemwona na abiria, na abiria kakumbatia friji.

Halafu hizo baiskeli zenyewe hazina upepo! Ya mama watoto vali yake ile nyembamba, ya mtoto vali kama ya gari, na pampu ni moja. Kilikuwepo kichwa cha kubadilishia. Kaazima jirani, huyuhuyu mshauri wa kirikuu. Jana nimemfuata, na salamu nikatoa vizuri tu, shikamoo kwa mama yake, nikakaa, nikanywa chai, ndipo nikauliza. Kasema kampa fundi mmoja wa Tabata. Nikampigia wa Tabata, hapatikani. Na huyo wa Tabata namjua, ana feni yangu tangu kabla ya Ramadhani, kila nikimuuliza anasema anasubiri koili, na mkewe kaniambia kwao ni baridi siku hizi, hata shuka wanajifunika.