Mbiu ya seli: dhidi ya saratani ya ngozi, tukimbilie vidonge au tuanze na kofia?

Seli ya ngozi ina mbiu yake ya mgambo. Ngozi ikichubuka, ujumbe hupokelewa kwenye utando wa seli, hukabidhiwa protini iitwayo RAS, nayo huipa BRAF, BRAF huipa MEK, MEK huipa ERK, na ERK huingia kwenye kiini na amri moja: gawanyika. Kidonda kikifunga, mbiu hunyamaza.

Mwaka 2002 watafiti waligundua kwamba katika takriban nusu ya melanoma, saratani inayoanzia kwenye seli za rangi, BRAF imeharibika, mara nyingi mahali palepale. Mbiu inalia usiku na mchana na jambo lenyewe halipo. Kidonge cha vemurafenib, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2011, kilitengenezwa kuinyamazisha, na kuna wagonjwa ambao uvimbe wao ulisinyaa ndani ya wiki chache tu. Wanaosema fedha ziende kwenye dawa za aina hii wana hoja nzito, na siidharau.

Lakini kwa wengi uvimbe ulirudi kabla mwaka haujaisha. Seli zilipofungiwa barabara kuu zilipita njia za panya. Lililonishtua zaidi ni hili: baadhi ya waliomeza dawa hiyo waliota saratani nyingine, ya skwamasi, inayoanzia kwenye seli bapa za juu ya ngozi. Kwenye seli ambazo BRAF yake ni nzima ila RAS imeshaharibika, dawa ileile iliyotengenezwa kuzima mbiu iliipuliza kwa nguvu zaidi. Tatizo lilipungua pale madaktari walipoongeza dawa ya pili, ya kuzuia MEK.

Na skwamasi ndiyo inayowaua ndugu zetu wenye ualbino Tanzania. Kwao melanoma ni nadra. Ngozi ikikosa melanini, rangi inayoikinga, miale ya jua hufika moja kwa moja kwenye vinasaba na kuharibu, pamoja na vingine vingi, jeni ya p53, yule askari anayeisimamisha seli iliyojeruhiwa isigawanyike. Hapa hakuna swichi moja ya kuzima. Kidonge kilichosifiwa dunia nzima hakikutengenezwa kwa ajili yao.

Ndiyo maana upande wa pili unasema: mafuta ya kukinga jua, kofia ya pama, mikono mirefu. Ushahidi wao ni imara. Huko Nambour, Australia, katika utafiti wa miaka ya 1990, waliohimizwa kupaka mafuta hayo kila siku walipata vivimbe vya skwamasi pungufu kwa takriban asilimia 40. Moshi, pale hospitali ya KCMC, yanatengenezwa mafuta ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Mimi shilingi ya kwanza ningeiweka hapo, bila kusita.

Ya pili nisingeiweka hapo. Mkulima akishika jembe alfajiri, ikifika saa nne jasho limeshaondoa mafuta. Na aliyefika Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, akiwa na kidonda kilichokula nusu ya shavu, utamwambia avae kofia? Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha cemiplimab kwa skwamasi iliyosambaa. Dawa hiyo inakata ujumbe ambao saratani huutumia kuwalaza askari wa kinga ya mwili. Kumbe maabara inaweza kumfikia mgonjwa huyu pia, ikiamua kumtazama. Wanaoita utafiti wa seli anasa ya matajiri wanamnyima mtu wetu nafasi hiyo mapema mno.

Kati ya pande hizo mbili kuna sikio la mtoto mwenye ualbino aliyeketi dirishani darasani. Juu ya ukingo wake pana gamba dogo jeupe, ukiligusa linakwaruza kama msasa. Mbiu imeshaanza kulia humo, kwa sauti ya chini. Daktari wa ngozi akilipulizia naitrojeni baridi kwa sekunde chache, gamba hukauka na kubanduka, na mtoto hurudi darasani, akae kiti cha mbali na dirisha.